Wakala ananikatia bima kubwa ya gari kwa bei poa na anasema kwenye mfumo wa TIRA itasoma. Nitajuaje kama ni kishoka, yaani wakala feki?

Mama Wawili

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoijua bima ya magari kwa undani.

Kuna magari mawili ya kukatia bima mwezi huu hapa Dar. La kwanza ni la matumizi binafsi, thamani yake sokoni ni kama milioni 20, nalitakia bima kubwa, ile inayolipa hata gari langu mwenyewe. La pili ni Noah inayobeba abiria, hilo bima ndogo, ya kulipa waliogongwa tu, inatosha. Wakala anasema bima kubwa ataitoa kwa 650,000 yote kwa yote, na Noah ataiandika "kiutaalamu" iwe nafuu. Hela anataka iingie kwenye namba yake ya simu, kisha ananitumia kava noti (karatasi ya kuonyesha gari lina bima) ya PDF kwa WhatsApp. Anaapa kwamba nikiangalia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, nitakuta inasoma.

Maswali yangu ni haya. Kama mfumo unasoma, bado kuna namna ya kuibiwa? Nikague nini hasa kabla na baada ya kulipa? Na siku gari likipata ajali, mitego mingine iko wapi, maana nasikia gereji nako kuna mambo.

---

Mkata Kava

Dada, huyo jamaa kwenye hilo la mfumo hakudanganyi. Ukiangalia utakuta inasoma kweli, ndiyo maana anajiamini.

Enzi za stika za bima za karatasi, kishoka alichapa stika feki na wewe ukaibandika kwenye kioo. Tangu stika ziwe za kielektroniki na kava noti kuingizwa TIRA-MIS, ndio huo mfumo wa TIRA, feki ya aina hiyo haifiki mbali, kwa sababu trafiki anaingiza namba ya gari kwenye simu na jibu linakuja palepale. Basi wizi ukahamia ndani ya mfumo. Stika ni halali, kampuni ni halali, gari ni lako. Kilichochezewa ni vipengele viwili vitatu ambavyo wengi hawavisomi.

Tupige hesabu ya gari lako. Bima kubwa ya gari binafsi kiwango chake cha kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani. Milioni 20 kwa 3.5 ni 700,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, yaani 126,000. Jumla 826,000. Bima ndogo ya gari hilohilo ni 100,000 pamoja na VAT, yaani 118,000. Sasa anakuomba 650,000. Kampuni haiwezi kuikubali hela hiyo kama ada ya bima kubwa ya milioni 20, kwa kuwa viwango vya chini vya bima ya magari vinasimamiwa na TIRA. Kwa hiyo ana njia mbili.

Ya kwanza ni kukuandikia bima ndogo. Anapeleka 118,000 kampuni, 532,000 zinabaki mfukoni mwake. Ukiingiza namba ya gari unaona jina la kampuni, tarehe ya kuanza na kuisha, na kwamba bima iko hai. Unafurahi, unafunga simu. Mstari unaosema aina ya bima hukuusoma. Utaujua siku umejigonga kwenye nguzo na kampuni inakujibu kwamba wewe bima yako inalipa uliowagonga tu.

Ya pili ni ya kijanja zaidi. Anakuandikia bima kubwa kweli, ila thamani ya gari anaiweka milioni 8. Asilimia 3.5 ya milioni 8 ni 280,000, na VAT 50,400, jumla 330,400. Zilizobaki, 319,600, ni zake. Hapa hata mstari wa aina ya bima unasema ukweli. Maumivu yanakuja kwenye fidia: gari la milioni 20 limekatiwa bima ya milioni 8, maana yake umelikatia asilimia 40 tu. Likiharibika kwa milioni 5, kampuni inaweza kulipa kwa uwiano huohuo, yaani milioni 2, na bado ekses, yaani sehemu ya hasara unayochangia mwenyewe, inakatwa humo. Likiibwa lote, kikomo ni hizo milioni 8.

Namna ya kukagua, kwa mpangilio:

Kabla ya kulipa, muulize wakala jina lake la usajili na anaandikia kampuni gani, kisha hakikisha kwenye orodha ya TIRA kwamba amesajiliwa. Halafu piga simu kampuni yenyewe kwa namba uliyoitafuta wewe, usitumie aliyokupa yeye. Waulize kama huyo ni wakala wao kwa sasa. Wapo ambao mkataba wao ulishavunjwa lakini bado wanazunguka na vitambulisho.

Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni. Hela ikishaingia kwenye simu ya mtu binafsi, huna tena uthibitisho kwamba kampuni iliona shilingi ngapi. Dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) na ihakiki kwenye ukurasa wa uhakiki wa risiti wa TRA, mamlaka ya mapato. Kiasi kilichoandikwa lazima kilingane na ulichotoa. Ukitoa 826,000 ukapewa risiti ya 118,000, usihitaji mtu akutafsirie.

Baada ya kulipa, ingia tiramis.tira.go.tz kwa kuandika anwani kwa mkono. Usibonyeze kiungo alichokutumia, wala usiskani QR iliyo kwenye PDF yake ukaridhika, maana QR inakupeleka popote aliyeitengeneza alipotaka, hata kwenye ukurasa unaofanana na wa TIRA kama pacha. Anwani lazima iwe ya tira.go.tz. Tafuta kwa namba ya usajili wa gari, kisha rudia kwa namba ya stika au ya kava noti, uone kama zote zinaleta rekodi ileile.

Soma taratibu: namba ya usajili, chesisi, aina ya bima, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha. Chesisi ilinganishe na kadi ya gari herufi kwa herufi. Magari mengi ya Toyota ya Japani ni kifupisho cha modeli, kistari, halafu tarakimu saba, na makosa hujificha kwenye sifuri na O, nane na B. Tarehe ya kuisha nayo iangalie vizuri, kuna bima za muda mfupi zinazouzwa kwa bei ya mwaka mzima, halafu PDF inahaririwa isomeke miezi kumi na miwili.

Thamani ya gari na matumizi yake visome kwenye kava noti na hati yenyewe ya bima, kisha piga simu kampuni, wape namba ya kava noti, waombe WAO wakusomee walichonacho: thamani, matumizi, ekses, ada iliyopokelewa. Usiwasomee wewe wakaitikia "ndiyo, ndiyo". Simu hiyo ni dakika tano na inakamata karibu michezo yote niliyoitaja.

Rudia kuangalia mfumo baada ya wiki mbili. Sheria yetu haina bima ya mkopo, bila ada hakuna kava, na kava noti inaweza kuingizwa leo ikafutwa kesho kutwa kwa sababu hela haikufika.

---

Kijana wa Posta

Namba binafsi ya simu + haraka + "usijali mama, mfumo utasoma". Huo ni utapeli wa "ile hela tuma kwa namba hii" uliovaa tai.

---

Asesa wa Makole

Mkata Kava kamaliza upande wa kununua. Mimi naingia upande wa ajali, kwa sababu huko mwenye gari mara nyingi anaingizwa kwenye udanganyifu bila kujua kwamba saini inayomfunga ni ya kwake.

Anza pale barabarani. Kabla magari hayajasogezwa, kama hakuna majeruhi anayezuiwa kupata msaada, piga picha: magari yote mawili yakiwa yamesimama vilevile, namba zake, alama za breki, vioo vilivyomwagika, na barabara kwa mbali pande zote mbili ili mahali pajulikane. Piga picha ya leseni ya dereva mwenzako. Ingiza namba ya gari lake TIRA-MIS hapohapo. Kama ana bima utaijua kampuni yake, na kama hana utajua kwamba maneno yake ya "bima yangu italipa" hayana kitu.

"Tumalizane hapahapa" ni mtego wa pande mbili. Ukimpa mtu 200,000 na karatasi inayosema "nimekubali kosa", umevunja sharti lililomo karibu katika kila hati ya bima: usikubali lawama wala usiahidi malipo bila kampuni kujua. Wiki tatu baadaye anarudi na vyeti vya hospitali, na karatasi yako mwenyewe ndiyo kielelezo chake. Ajali za kupangwa zinapenda sana njia hii. Dalili zake hazifichiki: gari la mbele linafunga breki ghafla bila sababu, tena taa za breki hazifanyi kazi, mashahidi wanajitokeza ndani ya dakika moja, wana majibu kabla ya maswali, gari lao lina mipasuko yenye kutu au vumbi ndani, yaani ya zamani, na wanang'ang'ania hela taslimu, hawataki polisi aitwe. Wewe mwite trafiki. Utahitaji ripoti ya ukaguzi wa gari, PF 90, na ripoti ya polisi, PF 115. Majeruhi anahitaji PF 3, fomu ya polisi ya matibabu. Ukidaiwa au ukidai kama mtu wa tatu, kampuni nyingi huomba pia nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki au uthibitisho wa faini.

Gereji sasa. Sentensi ya kuiogopa ni "ekses yako tutaimeza". Watu wanaiona ni ukarimu. Chukua mfano wa matengenezo ya kweli ya milioni 3, na ekses ya asilimia 10. Unatakiwa uchangie 300,000. Gereji inaandika makadirio ya 3,600,000. Kampuni inakata asilimia 10, inalipa 3,240,000. Gereji imepata yote yake na 240,000 za juu, wewe hujatoa kitu. Nani kadanganya? Fomu ya madai ina jina lako na saini yako. Ikigundulika, kampuni ina haki ya kukataa dai LOTE, pamoja na zile milioni 3 za kweli, na faili linaweza kwenda polisi.

Na usidhani asesa, mkaguzi wa hasara, hajui. Bei ya bampa, taa na shoo (grili ya mbele) ziko kwenye kompyuta yake. Anaangalia urefu wa pigo: kitu kilichokugonga kwa urefu wa bampa kwa kawaida hakivunji kioo cha nyuma. Anaangalia rangi iliyohamia. Anaangalia kama vipande vya plastiki vilivyovunjika vinaoana na pengo, kwa sababu wapo wanaovua taa nzima na kufunga iliyovunjika wakati wa picha.

Ulaghai wa pili wa gereji unakuibia wewe moja kwa moja: kampuni imelipa vipuri vipya, umefungiwa vya mtumba au vya kichina vya bei ya chini. Kagua hivi kabla ya kusaini kwamba umepokea gari.

Geuza au chungulia nyuma ya plastiki kama bampa na fenda ya ndani. Plastiki nyingi zimechorwa duara dogo kama saa, lenye namba 1 mpaka 12 pembeni, na katikati mwaka kwa tarakimu mbili na mshale. Mshale unaonyesha mwezi. Bampa "jipya" lenye mwaka uleule wa gari lako la zamani limetoka kwenye gari jingine. Kwenye taa soma jina la mtengenezaji lililochongwa kwenye kioo au nyuma ya boksi. Toyota za Japani kwa kawaida zina Koito au Stanley. Tazama bolti za fenda na bawaba za boneti. Rangi iliyopasuka kwenye vichwa vya bolti inaonyesha zilifunguliwa, na kama makadirio yanasema boneti jipya huku bolti hazijaguswa, hakuna kilichobadilishwa, wamenyoosha tu. Dai pia vipuri vilivyotolewa. Gereji ikisema "tumeshatupa" siku ileile, endelea kuuliza.

La hatari kuliko yote ni eabegi. Seti yake ni ghali, na wapo wanaoshona kifuniko cha usukani kikapendeza, ndani hamna kitu. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi kwenye dashibodi lazima iwake, ikae kama sekunde 6, izime. Isipowaka kabisa, wameitoa balbu au wamekata waya. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Ikiwaka na kuzima vizuri, bado usishangilie: rezista ndogo ya bei ya soda inaweza kuunganishwa mahali pa eabegi na kompyuta ya gari ikaamini kwamba ipo. Kwa hiyo, kama eabegi zilifumuka kwenye ajali, dai risiti ya eabegi mpya yenye namba ya kipuri na omba kifuniko kifunguliwe mbele yako kabla ya kuchukua gari. Mkanda wa kiti nao mara nyingi hufyatuka pamoja na eabegi. Uvute: kama umekaza au umelegea na haurudi, haujabadilishwa.

---

Njia Panda 254

Niongeze ya huku Kenya, kwa kuwa huyu dada ana gari la abiria na shida yetu kubwa iko hapo.

Vyeti vya bima vya karatasi navyo viliondolewa, sasa ni vya kidijitali kupitia mfumo wa DMVIC, kwa hivyo cheti bandia kinashikwa upesi. Kilichobaki ni abiria hewa. Matatu ya viti 14 inagongwa Thika Road, watu watatu wanaumia. Baada ya miezi kadhaa kesi zinafunguliwa kortini kwa niaba ya watu 19. Wengine hawakuwa ndani. Wengine walikuwa ndani lakini hawakuumia, na hata hawajui kuna wakili anayewawakilisha, walipigiwa simu wakaulizwa namba ya kitambulisho tu. Sheria inaruhusu mpaka shilingi milioni 3 kwa kila mtu aliyeumia au kufariki, kwa hiyo si mchezo. Malipo yakizidi hapo, ziada inamfuata mwenye gari mwenyewe.

Kinga ni karatasi za siku ya kwanza. Dereva na kondakta wafundishwe: hesabu abiria, andika majina na namba za simu za wote, walioumia na wasioumia, piga picha ya ndani ya gari watu wakiwa bado wako. Mwenye gari ahakikishe kwamba idadi ya majeruhi imeandikwa kwenye OB (kitabu cha matukio) ya kituo cha polisi siku hiyohiyo, achukue namba ya OB na nakala ya abstrakti, muhtasari wa polisi wa ajali. Orodha hiyo ipelekwe kwa kampuni ya bima hata kama hakuna aliyedai bado. Jina likiibuka baadaye kwenye P3 (fomu ya polisi ya majeraha) na halimo kwenye OB wala kwenye orodha yako, wakili wa kampuni ana mahali pa kushika. Bila orodha ni neno lako dhidi ya cheti cha daktari.

Barua yoyote ya wakili au samansi ikikufikia, ipeleke kwa bima siku hiyo. Kuna wenye magari huiweka kwenye droo wakidhani bima imejua. Kesi inasikizwa upande mmoja, hukumu inatoka.

Kwa upande wa kuripoti, IRA, mamlaka ya bima ya Kenya, ina kitengo cha kuchunguza ulaghai wa bima chenye maafisa wa polisi ndani yake.

---

Mama Wawili

Asanteni sana, nimeshamwambia huyo wakala nalipa kampuni moja kwa moja. Amesema "basi bei itabadilika" na hajapiga tena 😀

Mawili yamebaki. Hiyo Noah "kuandikwa kiutaalamu" maana yake nini? Na mtu akiwa ameshaibiwa kwa mtindo huo aanzie wapi?

---

Mkata Kava

Noah kwanza. "Kiutaalamu" ni kuiandika kwamba ni ya matumizi binafsi. Gari la abiria lina ada kubwa zaidi kwa sababu linakaa barabarani kutwa nzima na limejaza watu, na ada hupangwa pia kwa idadi ya viti. Wakala anaondoa neno moja, ada inashuka, na stika inasoma vizuri. Tatizo ni kwamba matumizi ndiyo moyo wa mkataba. Siku ya ajali PF 115 itataja abiria na nauli, na kampuni italinganisha na hati inayosema "binafsi". Kwa majeruhi wa nje, kampuni inaweza kulazimika kulipa halafu ikakugeukia wewe kudai irudishiwe. Kwa gari lako, kama lina bima kubwa, dai linakataliwa. Hili linawahusu pia wenye magari binafsi wanaoendesha teksi za mtandaoni jioni "mara mojamoja". Hata safari moja ya kulipwa ni biashara. Kampuni inaomba kumbukumbu za programu ya teksi na saa ya ajali inaonekana.

Kwenye fomu ya maombi andika mwenyewe, kwa mkono wako: matumizi, idadi ya viti, madereva, ajali za nyuma. Usimsainie wakala fomu tupu ili "akajaze ofisini". Kosa lililomo humo linahesabiwa lako.

Aliyeibiwa sasa. Asimpigie wakala kwanza kumtisha, kwa kuwa atafuta mazungumzo na kubadilisha namba. Ahifadhi picha za skrini za WhatsApp zinazoonyesha namba, ujumbe wa malipo wenye kumbukumbu ya muamala, PDF aliyotumiwa vilevile ilivyo, na ukurasa wa TIRA-MIS unaoonyesha kilichoandikwa kweli. Kisha barua kwa kampuni, akieleza alilipa kiasi gani kwa bima ipi na akapewa ipi. Hapa ndipo usajili wa wakala unapoleta tofauti. Kama ni wakala wao halali, kampuni ina cha kujibu kuhusu matendo ya mtu iliyempa kazi. Kama ni kishoka asiye na mkataba nao, watasema hawamjui, na kinachobaki ni polisi. Malalamiko yapelekwe TIRA vilevile, wao ndio wanaoshika leseni yake. Mgogoro na kampuni ukigoma kuisha, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, si lazima uende moja kwa moja mahakamani.

Wakati huohuo, gari lisitembee na bima yenye makosa. Aombe kampuni irekebishe au akate mpya siku hiyohiyo. Bima iliyokatwa BAADA ya ajali haisaidii, mfumo unaandika dakika iliyotolewa, na dai linaloingia siku moja au mbili baada ya kava noti ndilo la kwanza kuchunguzwa.

---

Tunduma Usiku

Mimi nadokeza ya wanaovuka. Kadi ya Njano ya COMESA inauzwa sana mpakani na watu wa pembeni. Ijulikane: kadi hiyo haisimami peke yake, inarefusha bima yako ya nyumbani ivuke mpaka kwa upande wa mtu wa tatu. Ichukue kwa kampuni ileile iliyokukatia bima ya hapa. Linganisha namba ya hati, chesisi na tarehe; bima ya nyumbani ikiisha tarehe 10, kadi inayodai kuishi mpaka tarehe 30 haina mgongo. Angalia pia nchi zilizoorodheshwa. Zambia, Malawi, Rwanda, Burundi, Kongo ya Kinshasa zimo. Msumbiji na Afrika Kusini hazimo, kwa hiyo anayekuuzia "mpaka Durban" anakuuzia karatasi. Uharibifu wa gari lako mwenyewe ukiwa ng'ambo haumo pia, mpaka uwe umeongezewa kwenye bima kubwa kwa maandishi.

---

Kijana wa Posta

Swali la haraka kwa Mkata Kava. Nanunua gari la mtumba la mtu, anasema bima kubwa imebaki miezi saba, nimuongezee 300,000 anipe na bima. Stika inasoma, nimeangalia kila kitu, hata thamani ipo sawa.

---

Mkata Kava

Bima ni mkataba wa huyo muuzaji na kampuni yake, haifuati gari kama tairi la akiba. Akishakuuzia, yeye hana tena cha kupoteza kwenye hilo gari, na wewe kampuni haikujui. Stika itaendelea kusoma miezi yote saba, trafiki atakuachia, ila fidia ya gari hupati.

Kabla ya kutoa hiyo 300,000, nendeni wote wawili kwa kampuni na mkataba wa mauziano, muombe bima ihamishiwe kwa jina lako kwa maandishi. Wanaweza kukubali, kukataa, au kutaka wakague gari upya. Waulize pia, yeye akiwapo hapo, kama bima hiyo ina dai lililo wazi. Kama gari liligongwa na dai linaendelea, anaweza kulipwa fidia ya uharibifu ambao wewe unaununua. Na kama kampuni ilishalilipa gari hilo kuwa limeharibika kabisa, basi unachouziwa ni mabaki yaliyonyooshwa, na ndio hapo urudi juu usome ya asesa kuhusu eabegi. Chesisi iangalie kwenye chuma chenyewe, usiishie kwenye kadi: tarakimu zilizosuguliwa, zisizo na kina sawa, au bati lililochomelewa kuzunguka, ondoka na hela yako.

Kampuni wakikubali kuhamisha, hakiki upya jina kwenye hati, kisha ndipo ulipe.